Kabla ya Kugawa: Madeni ya Marehemu na Mali Ndogo Aliyoiacha

Katika misikiti ya pwani ya Kenya, kabla jeneza halijainuliwa kwenda makaburini, jamaa mmoja wa marehemu husimama na kutangaza: mwenye kumdai marehemu na amwone yeye, na mwenye kudaiwa na marehemu vilevile. Wa kundi la kwanza hujitokeza. Wa kundi la pili huwa adimu, na hilo halijapata kumshangaza mtu.

Tangazo hilo fupi ndilo mlango wa mambo yote yanayofuata. Fiqhi ya Kiislamu huipanga mali ya maiti katika haki nne: kumtengeneza na kumzika, kulipa madeni, kutekeleza wasia usiozidi theluthi moja, kisha ndipo warithi wagawane. Qur'ani, katika Surat An-Nisaa, inautaja wasia kabla ya deni, lakini wanazuoni wameafikiana kwamba deni hutangulia katika malipo. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, iliyoanza kutumika 1 Julai 1981, nayo inasema katika kifungu cha 86 kuwa madeni hulipwa kabla ya wasia wowote kutekelezwa. Kwa Waislamu mgao wenyewe hufuata sheria ya dini yao, lakini taratibu za kusimamia mali zilizo katika Sura hiyo zinawahusu nao pale zisipopingana na dini.

Hapa pana kosa linalorudiwa kila mwaka. Deni la marehemu hudaiwa kwenye mali yake, halidaiwi kwa watoto wake. Mtoto hana wajibu wa kisheria wa kulipa kutoka mfukoni mwake, ila kama alikopa pamoja na mzazi, alimdhamini, au aliichukua mali bila idhini. Mawakala wa kukusanya madeni wanalijua hili vizuri, na bado humpigia simu mjane akiwa ndani ya eda. Jibu la kuwapa ni moja: leteni dai lenu kwa maandishi, msimamizi wa mirathi akipatikana atalitazama. Hospitali nayo haina haki ya kuufanya mwili rehani ya bili. Mahakama Kuu ya Kenya imeshaamua kuwa maiti si mali ya kushikiwa deni. Hospitali na idai kama wadai wengine wanavyodai.

Mwenye mali ndogo mara nyingi huacha hesabu zake ndani ya kopo la biskuti. Lifunguliwe mbele ya mashahidi wawili, na kila karatasi iandikwe. Mle utakuta bili ya maji, risiti za kodi ya nyumba, kadi ya SACCO, kijitabu cha benki, vyeti vya dawa. Stima ya tokeni kwa kawaida haiachi deni. Ya bili ya mwezi huacha. Simu ina yake: salio la M-Pesa, na mkopo wa Fuliza uliokuwa haujarudishwa.

Chama cha kuchangishana kwa zamu ndicho husahauliwa na wengi. Mama aliyepokea mzunguko wake mwezi wa pili kati ya miezi kumi na miwili, akafariki mwezi wa tano, hakuacha akiba pale. Ameacha deni la miezi saba. Akifariki kabla ya zamu yake kufika, chama ndicho kinachodaiwa. Mwekahazina aombwe nakala ya daftari mapema, kabla kumbukumbu hazijaanza kubadilika.

Mkopo wa SACCO au wa benki usilipwe kwa pupa. Mingi ina bima inayoifuta mkopaji anapofariki, na familia zimewahi kuuza mbuzi kulipa deni ambalo bima ingelibeba. Uliza kwanza, kwa barua. Hisa za SACCO humwendea mteule aliyeandikwa kwenye fomu, baada ya kukatwa anachodaiwa mwanachama. Mafao ya mfuko wa pensheni, kwa kifungu cha 36A cha Sheria ya Mafao ya Kustaafu, hayahesabiwi katika mirathi. Kwa hiyo mdai wa duka hawezi kuyagusa, na msimamizi asiyaandike kana kwamba ni fedha za kugawa.

Kuhusu ile simu: mara nyingi mtoto anaijua namba ya siri, na siku ya pili baada ya maziko pesa zinatolewa "za chai ya wageni". Nia ni njema. Lakini kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinamkataza mtu asiye na idhini kuishika mali ya marehemu. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili, na atawajibika kwa alichokigusa.

Karatasi zenyewe hazina maajabu. Kifo cha nyumbani huripotiwa kwa naibu wa chifu, cha hospitali husajiliwa na hospitali, na cheti cha kifo ndicho ufunguo wa milango yote. Chukua nakala kadhaa zilizothibitishwa. Chifu huandika barua ya kuwataja warithi. Waislamu wanaweza kwenda kwa Kadhi, wengine mahakama ya hakimu, ambayo mamlaka yake hufika hadi mali ya shilingi milioni 20 kwa hakimu mkuu. Ombi la usimamizi hutangazwa katika gazeti rasmi la serikali, na wenye pingamizi hupewa siku zisizopungua 30. Wasimamizi hawazidi wanne. Hati ya usimamizi ikishatolewa, kwa kawaida husubiriwa miezi sita kabla ya kuthibitishwa na mali kugawanywa. Wengi huilalamikia subira hiyo, ila ndiyo nafasi ya wadai kujitokeza na ya msimamizi kukusanya orodha yake.

Malipo huanza na mazishi, ila sheria inasema mazishi ya wastani. Hema tatu na ng'ombe wawili havimtangulii muuza duka. Na kama michango ya majirani ililipia sanda na gari, msimamizi hawezi kuzitoa tena gharama hizo kwenye mali. Kisha hufuata gharama za mahakama, halafu madeni.

Chukua mali ya Sh140,000. Mazishi yamekula 35,000, mahakama 10,000, zimebaki 95,000. Wadai wa kawaida wanadai jumla ya 180,000, na hakuna mwenye rehani wala anayetangulizwa na sheria. Kila mmoja atapata karibu Sh53 kwa kila mia anayodai, na warithi hawapati kitu. Anayemlipa binamu yake kamili na kuwaacha wengine mikono mitupu anaweza kutakiwa kufidia yeye mwenyewe.

Dai lisilo na maandishi si la kukataliwa papo hapo. Muulize mdai tarehe, kiasi, na nani alikuwapo. Deni la mkataba huisha nguvu mahakamani baada ya miaka sita, ingawa familia nyingi zenye dini hulilipa hata hivyo. Hilo ni jambo la dhamiri yao, na wasilifanye kabla warithi wote watu wazima hawajakubali.

Daftari la duka huja mwisho, na kwa kawaida ndilo la kweli kuliko yote. Ukurasa mmoja una jina la baba kwa juu, chini yake unga, sukari, mafuta ya taa, nusu kilo ya kunde. "Nilikuwa sitaki kuja, mama," husema muuzaji akiwa bado mlangoni, "lakini ilitangazwa." Hesabu hujumlishwa mara mbili, pesa huhesabiwa mezani, naye hupiga mstari mmoja mrefu toka juu hadi chini, akaandika tarehe na kutia sahihi. Ukurasa hukatwa, ukarudi ndani ya lile kopo.