Mwalimu Uwanjani: Malezi ya Shule ya Don Bosco

Msomaji wangu, kengele ya mapumziko iliapo na wanafunzi wakamiminika uwanjani, mwalimu huwa wapi? Pengine utaliona swali hili kuwa dogo. Hata hivyo padre mmoja wa Italia, Giovanni Bosco, ambaye Wakatoliki wa kwetu humwita Mtakatifu Yohane Bosco, aliyajenga malezi ya shule yake yote juu ya jibu lake.

Alizaliwa mwaka 1815 karibu na Castelnuovo, akafiwa na baba kabla hajatimiza miaka miwili. Mwaka 1841 alipata upadre akaenda Torino, mji uliokuwa ukiwavuta vijana wa mashambani waje kutafuta kazi za kujenga nyumba na kusafisha dohani. Huko alifuatana na Padre Cafasso kuzuru magereza. Alikuta humo vijana wa miaka 12 hata 18, wazima wa mwili na wepesi wa akili, wameketi bure. Tena aliona kwamba wengi waliofunguliwa walirudi baada ya muda si mrefu. Jambo hili ndilo lililomshughulisha: walirudi kwa kuwa nje hapakuwa na mtu wa kuwaangalia. Adhabu ilikuwa imetolewa kwa ukamilifu wake, isizuie kitu.

Tangu Desemba 1841 alianza kuwakusanya vijana siku za sikukuu, wakahangaika huku na huku hata Pasaka ya 1846, walipopata kibanda cha paa la chini huko Valdocco, pembezoni mwa mji. Hapo paliota shule: masomo ya jioni, bweni, na tangu 1853 karakana za washona viatu na washona nguo; baadaye useremala, uchapaji na uhunzi. Mama yake, Margherita, aliliacha shamba akaja kuwapikia vijana hao na kuwatilia nguo viraka, mpaka alipokufa mwaka 1856.

Upo mkataba wa Februari 1852 ambao ningependa uufikirie. Ulikuwa baina ya fundi seremala wa Torino na kijana mwanagenzi, naye Don Bosco aliutia sahihi pamoja nao. Fundi aliahidi kumfundisha kijana kazi. Kumwachia siku za sikukuu. Kutomtwika kazi isiyo ya ufundi wake. Na kumrudi kwa maneno tu, si kwa njia nyingine yoyote. Zama zile kofi la fundi lilihesabiwa kuwa sehemu ya mafunzo!

Mwaka 1877 aliyaandika mawazo yake katika kijitabu kifupi. Asema njia za kulea ni mbili. Ya kwanza hutangaza sheria, kisha humvizia mkosaji ili imwadhibu. Nayo ni nyepesi kwa mwalimu. Ya pili, ya kukinga, hutangaza sheria vile vile, lakini mwalimu hukaa kati ya wanafunzi kama baba, akishauri na kuonya kabla kosa halijatendeka. Nguzo zake ni akili, dini na upendo. Yaani, hata amri sharti iwe na sababu ambayo kijana aweza kuielewa. Kupiga, kupigisha magoti kwa maumivu na kuvuta masikio alivikataza. Onyo nalo alitaka litolewe faraghani.

Usidhani kwamba huo ulikuwa ulegevu, kwani aliyewapotosha wenzake aliweza kufukuzwa. Nami naona njia hii ina gharama yake. Yadai walimu wengi, na yawachosha; mwenye wanafunzi hamsini na madaftari ya kusahihisha huiona fimbo kuwa njia ya mkato. Tena jicho lisilobanduka juu ya kijana laweza kuwa mzigo, upendo usipokuwapo. Wasalesiani, shirika alilolianzisha, walifika Kenya mwaka 1980, wakati ambapo fimbo ilikuwa bado halali katika shule zetu. Serikali iliipiga marufuku mwaka 2001.

Hata Valdocco kwenyewe malezi hayo yalififia. Mei 1884, Don Bosco aliandika barua kutoka Roma, akisimulia mambo kama ndoto. Aliuona uwanja wa zamani, umejaa mbio na nyimbo, walimu wakicheza kati ya vijana. Kisha akauona uwanja wa siku zile: vijana wameegemea nguzo kwa uchovu, na walimu wakitembea wakizungumza wao kwa wao. Vijana walikuwa wakipendwa, lakini hawakujua kwamba wanapendwa. Akawataka walimu warudi michezoni. Alikuwa na umri wa miaka 68, naye akafariki Januari 1888.