Baada ya Sauti Kutoka: Kazi ya Nyumbani katika Usomaji wa Mtoto

Mzazi akitaka kujua kama mwanawe anajua kusoma, humpa kitabu na kumwambia, "Hebu nisomee." Mtoto akitiririka, mzazi huridhika na kurudi kwenye shughuli zake. Makala hii inashikilia kwamba, kwa msomaji mchanga wa Kiswahili, kipimo hicho hakitoshi. Kazi ambayo nyumbani panaiweza kuliko darasani ni ile inayoanza baada ya sauti kutoka: kuijenga lugha ambamo maandishi yatapata maana. Wazazi wengi hawafanyi hivyo. Jioni hurudia ba, be, bi, bo, bu ya shuleni, tena kwa ukali zaidi.

Kinachofanya kipimo hicho kidanganye ni tahajia yenyewe. Kiswahili kina irabu tano, na kila irabu husomwa vilevile popote ilipo. Mtoto aliyezishika silabi anaweza kulitamka sawasawa neno ambalo hajawahi kulisikia maishani mwake. Utafiti wa Philip Seymour na wenzake uliochapishwa mwaka 2003, uliolinganisha wasomaji wachanga wa lugha mbalimbali za Ulaya, ulionesha faida ya tahajia ya namna hii: kufikia mwisho wa mwaka wa kwanza wa shule, watoto wanaosoma Kifini walikuwa wakiyasoma maneno ya kawaida karibu bila kosa, ilhali wenzao wanaosoma Kiingereza walikuwa nyuma sana. Kwa tahajia, Kiswahili kinakaa karibu na Kifini. Ila neema hiyo ina gharama. Msomaji wa Kiingereza asiyelijua neno mara nyingi hukwama, na kukwama kwake humwonesha mzazi palipo na tatizo. Mtoto wetu hupita moja kwa moja, na asichokielewa hakisikiki.

Gough na Tunmer, mwaka 1986, waliueleza ufahamu wa kusoma kuwa ni zao la mambo mawili: uwezo wa kuyatambua maneno yaliyoandikwa, na uwezo wa kuielewa lugha inaposemwa. Walisema ni kuzidisha, si kujumlisha. Uwezo mmoja ukikosekana kabisa, mwingine haufui dafu. Nchini Tanzania, tangu mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) wa Darasa la Kwanza na la Pili ulipoanza mwaka 2015, shule zimeelekeza nguvu nyingi katika uwezo wa kwanza, na zilikuwa na sababu nzito. Tathmini za mpango uitwao Uwezo, zilizowafuata watoto majumbani mwao na hadithi fupi ya kiwango cha Darasa la Pili, zilikuwa zimekuta wengi waliokwisha kulivuka darasa hilo hawawezi kuisoma. Silabi lazima zifundishwe. Hoja yangu ni kwamba mwalimu mwenye watoto themanini mbele yake anaweza kuwatamkisha wote kwa pamoja, lakini hawezi kuzungumza na kila mmoja kuhusu alichosoma.

Tutazame sentensi moja: "Mama amempelekea bibi ndizi." Msomaji wa silabi hulisoma neno la pili hivi: a-me-m-pe-le-ke-a. Ni hatua saba, na akifika ya saba, ya kwanza imeshamtoka kichwani. Ndani ya neno hilo mmejaa habari: aliyetenda, wakati, aliyetendewa, tendo lenyewe, na kwamba tendo limefanywa kwa ajili ya mtu. Mtoto anayekizungumza Kiswahili anavijua vyote hivyo mdomoni tangu akiwa na miaka mitatu au minne. Macho yake ndiyo hayajavizoea. Hapa ndipo swali dogo la mzazi linapofanya kazi kubwa: "Nani kampelekea nani? Nini?" Akishajibu, airudie sentensi ileile, safari hii kama anavyomwambia mtu habari. Kisha wacheze nayo: amenipelekea, atatupelekea, hawakumpelekea, kwanza mdomoni, halafu kwenye karatasi. Wazazi wengi hukataa mtoto kurudia hadithi ya jana, wakidai anakariri. Wanakosea. Kurudia matini fupi anayoielewa ndiko kunakomtoa kwenye silabi na kumfikisha kwenye neno zima, na neno likishatambulika kwa mara moja, akili hupata nafasi ya kufikiri.

Wala tahajia yetu si nyepesi kiasi tunachodhani. Alcock na Ngorosho, katika utafiti wao wa mwaka 2003 kuhusu watoto wanaojifunza kuandika Kiswahili, walionesha kwamba hata lugha yenye tahajia ya utaratibu ina mitego yake. Katika "mbuzi", m imeungana na b. Katika "mbu", m inasimama kama silabi peke yake, ingawa jicho linaona herufi zilezile. Watoto wa maeneo mengi huandika "kura" wakikusudia "kula" kwa sababu ndivyo wanavyosema na kusikia kwao. Mtoto wa hivyo hahitaji kuchekwa wala kuzabwa kofi. Aoneshwe maneno mawili kwa pamoja, ayatamke, ayatungie sentensi.

Inadaiwa kwamba haya yote ni ya wazazi waliosoma. Nadhani ni kinyume chake. Bibi asiyejua herufi anaweza kumwambia mjukuu, "Sijaelewa hapo, nisimulie tena," na swali lake lina uzito kuliko la mwalimu, maana kweli hajui jibu. Hadithi za paukwa na pakawa, vitendawili, masimulizi ya safari na ya misiba vinampa mtoto msamiati na mpangilio wa matukio ambao atakuja kuukuta kitabuni. Kwa familia inayozungumza Kisukuma au Kihaya nyumbani, hadithi isomwe kwa Kiswahili na mazungumzo yafanyike kwa lugha ya nyumbani. Ufahamu unaojengwa kwa lugha moja haupotei mtoto anapohamia nyingine.

Pingamizi la vitabu ni zito zaidi. Nyumba nyingi hazina hata kimoja cha hadithi. Maandishi ya pakiti ya unga, jina la kanga na ujumbe wa simu vinasaidia kuzoeza macho, na visidharauliwe. Hata hivyo, mstari mmoja hauna mwanzo, kati na mwisho, na mtoto anahitaji kisa kirefu cha kumfanya ajiulize kitakachofuata. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza Tanzania mwaka 1991, umekuwa ukisaidia kuchapishwa kwa hadithi za Kiswahili kwa ajili ya watoto, na tangu mwaka 2014 African Storybook imekuwa ikitoa hadithi huru mtandaoni, zikiwemo za Kiswahili. Familia yenye simu janja moja inaweza kuzipakua bure. Pesa inayoishia kwenye tuisheni ya kurudia silabi ingetosha vitabu kadhaa kwa mwaka.

Shule nazo zinaweza kulisukuma jambo hili bila bajeti mpya. Vikao vya wazazi huishia kwenye michango, chakula na matokeo ya mitihani. Mwalimu wa Darasa la Pili apewe dakika kumi tu za kikao hicho, amsimamishe mtoto mmoja aliye tayari na ukurasa mmoja wa hadithi, awaoneshe wazazi jinsi ya kumsikiliza: wapi pa kunyamaza, wapi pa kuuliza, na wapi pa kumwambia arudie.