Mkono wa Kushoto wa James P. Johnson

Mkono wa kushoto wa mpiga piano wa mtindo wa straidi haupati nafasi ya kupumzika. Katika kila mapigo manne, pigo la kwanza na la tatu huangukia chini kabisa kwenye besi. Pigo la pili na la nne likifika, mkono huohuo uwe umesharuka sentimita 30 hivi kuelekea katikati ya piano na kubonyeza fungu la noti tatu au nne kwa pamoja. Kisha unashuka tena. Nyimbo za kasi huenda mapigo 200 na zaidi kwa dakika, na wakati huo wote mkono wa kulia uko kwenye mambo yake: unawahi, unachelewa, unaudokoa wimbo na kuurudisha. Macho hayawezi kuifuata mikono yote miwili, kwa hiyo wa kushoto lazima uijue njia bila kuangaliwa.

Ufundi huu ulizaliwa New York kwenye miaka ya 1910, kati ya vijana Weusi waliokulia kwenye mtindo wa regitaimu wakaona umewabana. Hakukuwa na shule iliyoufundisha, na noti zilizochapishwa ziliuonyesha nusunusu tu, maana mengi yaliyoufanya uwe hai hayaandikiki: mahali pigo linapovutwa kidogo nyuma, namna mkono unavyodunda unapotua. Hata hivyo ulienea haraka ajabu, mpaka miji ya mbali. Mwalimu wake mkubwa wa kwanza, nje ya kumbi na sebule za New York, alikuwa mashine, na historia ya namna watu walivyojifunza straidi tangu hapo imefungamana sana na mashine.

Tuanze na mtu. James Price Johnson alizaliwa mwaka 1894 katika mji wa New Brunswick, jimbo la New Jersey, na piano aliionja kwanza nyumbani kwa mama yake. Mwaka 1908 familia ilihamia New York, na Johnson akakulia San Juan Hill, mtaa wa watu Weusi upande wa magharibi wa Manhattan. Alisoma kwa miaka kadhaa na mwalimu Mwitaliano, Bruto Giannini, aliyemnyoosha vidole kwa mazoezi ya muziki wa Ulaya. Usiku alikuwa na shule nyingine. Kwenye Barabara ya 62 kulikuwa na ukumbi wa chini ya ardhi ulioitwa Jungles Casino. Kisheria ulikuwa darasa la kufundishia dansi, kwa sababu watu Weusi walipata tabu kupewa leseni ya ukumbi wa dansi. Waliokuja pale hawakuhitaji kufundishwa chochote. Wengi walikuwa wahamiaji kutoka pwani ya South Carolina na Georgia, wanaume wa kupakua meli bandarini na wake zao, watu wa jamii ya Gullah waliokuja na michezo yao ya kijijini. Walitaka mpiga piano awape pigo zito, tena bila kukatika, na wakilipenda walimlazimisha aendelee na mtindo uleule kwa muda mrefu. Mpiga piano wa kumbi kama hizo alikuwa peke yake: ngoma, besi na bendi nzima vilikuwa mkononi mwake wa kushoto.

Humo ndimo ulimotoka wimbo wa “Charleston”, ambao Johnson aliuingiza katika tamthilia ya muziki ya Runnin' Wild mwaka 1923, ukapagawisha dunia. Humo pia ndimo ulimotoka “Carolina Shout”, kipande cha piano peke yake kinachobeba kumbukumbu ya ibada za watu wa kusini waliozunguka kwa miguu na makofi. Ndani yake Johnson anaufanyia mkono wa kushoto jambo ambalo limewatoa jasho wanafunzi hadi leo. Badala ya kwenda chini-juu, chini-juu, mkono unakwenda chini-juu-juu, chini-juu-juu, chini-juu. Mapigo nane yamegawanywa tatu, tatu, mbili, wakati mkono wa kulia unaendelea kana kwamba hakuna kilichobadilika. Mwanafunzi aliyezoea mwendo wa kawaida hupotea papo hapo.

Sasa mashine. Pianola ilikuwa piano yenye pumzi. Mtu anakanyaga pedali mbili, hewa inafyonzwa ndani ya kabati, roli ya karatasi yenye matundu inapita juu ya kipande cha shaba chenye safu ya vitundu. Tundu la karatasi likikutana na kitundu cha shaba, hewa inaingia na kitufe kinashuka chenyewe. Mwaka 1908 watengenezaji walikutana Buffalo wakakubaliana kipimo kimoja cha roli za noti 88, na tangu hapo roli ya kampuni moja iliweza kupigwa kwenye pianola ya kampuni nyingine. Kufikia mwaka 1919 viwanda vya Marekani vilikuwa vinatoa pianola nyingi kuliko piano za kawaida. Johnson alikuwa kati ya wapiga piano Weusi wa mwanzo kukaa kwenye mashine ya kutobolea na kuacha upigaji wao kwenye karatasi. “Carolina Shout” ilitoka kwenye roli mwaka 1918, kisha toleo jipya la kampuni ya QRS likatoka mwaka 1921.

Pianola ilikuwa na mkono mdogo wa kurekebisha kasi. Ukiuvuta, karatasi hutembea polepole na noti hutoka polepole, lakini sauti zake hazishuki hata kidogo, maana nyuzi ni zilezile. Na vitufe hushuka mbele ya macho yako. Mambo hayo mawili, mwendo unaopungua bila sauti kuharibika na kitufe kinachoonekana kikishuka, ndiyo yaliyompa mwanafunzi mlango wa kuingilia.

Duke Ellington, aliyekuja kuwa kiongozi mashuhuri wa bendi ya jazi, aliupitia mlango huo. Alikuwa kijana wa Washington, bado hajajulikana nje ya mji wake, pale rafiki yake mpiga ngoma alipomkaribisha nyumbani kwake kusikiliza roli ya “Carolina Shout”. Ellington akaipunguza kasi mpaka akaweza kuweka vidole vyake juu ya vitufe vinavyozama, akaifuata noti kwa noti hadi akaimudu. Mwaka 1921 Johnson mwenyewe alikuja Washington kupiga katika ukumbi wa Convention Hall. Marafiki wakamsukuma Ellington jukwaani, akampigia bwana yule kipande chake mwenyewe. Johnson alifurahi, na baada ya onyesho Ellington alimzungusha mjini usiku kucha, akimsikiliza. Naona sehemu hii ya pili ina uzito kuliko ile ya kwanza, ingawa wasimuliaji hupenda zaidi ile ya pianola. Mashine ilimpa noti. Usiku ule alimpata mtu.

Kwa mpiga piano Fats Waller ilikuwa vivyo hivyo. Alizaliwa New York mwaka 1904, baba yake mhubiri, naye akiwa kijana alikuwa tayari akipiga kinanda cha bomba kwenye ukumbi wa sinema wa Lincoln, Harlem. Mama yake alipofariki mwaka 1920, alihamia kwa familia ya rafiki yake Russell Brooks, ambako kulikuwa na pianola, akajifunza “Carolina Shout” kwa kufuata vitufe. Brooks ndiye aliyempeleka kwa Johnson. Lillie, mke wa Johnson, alikuja kusimulia jinsi kijana yule alivyoing'ang'ania piano yao hadi saa nane, saa tisa za usiku, mpaka akamuuliza kama hana kwao. Kutoka kwenye nyumba ile Waller alitoka akiwa na mguso ambao roli haikuweza kumpa, kwa sababu roli za kawaida ziliandika noti ipi na kwa muda gani, zikanyamaza kuhusu uzito wa kidole. Tena wahariri wa viwandani waliweza kutoboa matundu ya ziada, na mwanafunzi wa mbali angehangaika kutafuta noti ambazo mikono miwili haikuwahi kuzipiga.

Mguso, na ujasiri, ulipatikana kwenye karamu za kodi. Wenye nyumba wa Harlem waliwatoza wapangaji Weusi kodi kubwa kuliko waliyowatoza wazungu, na mishahara ilikuwa midogo. Mwenye chumba aliondoa samani, akakodi mpiga piano, akapika, akatoza senti 25 hivi mlangoni. Kadi za mialiko zilisambazwa mitaani. Mshairi Langston Hughes alizipenda, akazikusanya. Piano ya sebuleni ilikuwa uwanja wa mashindano. Mpiga piano Willie “The Lion” Smith aliingia na kofia yake na sigara kubwa mdomoni, akisimama kando kumsikiliza aliyekaa pale, na kila mtu alijua anapima mkono wa kushoto. Luckey Roberts, mwenye viganja vikubwa kupita kiasi, alifunika kwa mkono mmoja umbali ambao wengine waliuruka. Kijana aliyefunzwa na roli aliyaona pale mambo ambayo vitufe vinavyoshuka vyenyewe haviwezi kuonyesha: kidole kipi, kiwiko kiko wapi, mkono unaruka juu au unateleza karibu na mbao.

Kisha mlango ule ukafungwa. Redio na santuri zilizorekodiwa kwa umeme zilishaipunguzia pianola soko kufikia mwisho wa miaka ya 1920, na mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ukaimaliza. Santuri ilihifadhi mguso ambao roli iliukosa. Sikiliza “Handful of Keys” ya Waller, ya Machi 1929, uone jinsi besi inavyodunda bila kukanyaga. Lakini kwa mwanafunzi ilikuwa hasara mara mbili. Vitufe havikuonekana tena, na ukiipunguza kasi santuri, sauti inashuka pamoja nayo. Baadaye, kwenye zama za sahani za mizunguko 33 kwa dakika, wengi waligundua kwamba gramafoni yenye kasi ya 16 inaupunguza muziki kwa nusu na kuushusha oktavu nzima kamili, kwa hiyo angalau noti zinabaki na majina yaleyale. Waliandika straidi kwa masikio hivyo, sindano ikirudishwa mahali palepale mpaka mfereji wa sahani ukachakaa. Wenye uvumilivu huo walikuwa wachache, na mtindo ukawa wa wachache.

Johnson mwenyewe alitaka zaidi ya kumbi za dansi. Aliandika Yamekraw, kazi ya piano na okestra iliyopigwa Carnegie Hall mwaka 1928 na Waller akiwa kwenye piano, kisha simfoni, na opera fupi aliyoshirikiana na Hughes. Wenye fedha na okestra hawakumpa nafasi aliyostahili. Alifariki mwaka 1955, akiwa amelemazwa na kiharusi, akazikwa Queens kwenye kaburi lisilo na jiwe. Mtaa wa San Juan Hill nao ulivunjwa kwa sehemu kubwa kupisha ujenzi wa Lincoln Center, majumba makubwa ya muziki ambayo mwana wa mtaa ule angetamani sana kusikika ndani yake. Mwaka 2009 wapiga piano wa vizazi mbalimbali walikusanyika Smalls, klabu ndogo ya Greenwich Village, wakafanya karamu ya kodi, na kwa fedha zake kaburi likawekewa jiwe.

Wakati huo YouTube, iliyoanza mwaka 2005, ilikuwa imeshaanza kuufungua tena ule mlango. Leo kamera inaning'inizwa juu ya piano, mwalimu anaonekana mikono tu, na mwanafunzi aliye popote anaipunguza video kwa nusu au robo bila sauti kushuka, kwa sababu kompyuta inaunyoosha muda na kuziacha noti zilivyo. Kwenye video nyingine vipande vya rangi hudondoka kutoka juu ya kioo hadi kwenye kitufe chake, na ukivitazama unaiona karatasi ya pianola ikitembea. Kilichoongezeka ni mkono. Mwenye kiganja kidogo, asiyefikia umbali wa noti kumi ambao Waller aliukamata bila shida, anaona kidole kidogo kikigonga besi kitambo kifupi tu kabla gumba halijamalizia noti ya juu, na anarudia kipande hicho hadi kiganja chake kielewe. Walimu wazuri humwanzisha mwanafunzi kwenye besi peke yake, macho yakiwa yamefumbwa, kabla hawajamruhusu kugusa wimbo. Mafunzo hayo ni mazuri kuliko yote yaliyowahi kumfikia mtu asiyeishi karibu na mpiga straidi, nami nayafurahia kwa moyo wote.

Hayana The Lion anayesimama kando. Hayana wachezaji wa Gullah wanaokataa kukuachia ubadilishe pigo. Lakini yana kitu ambacho Ellington hakuwa nacho mbele ya pianola ya rafiki yake. Oktoba 1921 Johnson aliingia studio ya Okeh akarekodi “Carolina Shout” kwenye santuri, miezi michache tu baada ya roli ya QRS, na vyote viwili sasa vinapatikana kwenye intaneti. Mwanafunzi akivisikiliza kimoja baada ya kingine, kwa kasi ndogo, anagundua kwamba havifanani: Johnson anabadilisha besi yake mwenyewe, anarudia hapa, anaacha pale. Hapo swali la mwanafunzi linaacha kuwa noti ipi ni sahihi, naye anaanza kubadilisha ya kwake.