Wataalamu na Ghala la Mahindi

Upande wa Kwa Vonza, katika nchi ya Kitui, kiko Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichopewa hati yake mwaka wa 2013. Kabla ya hapo kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha Nairobi, tangu 2008, na kabla ya hapo tena mahali pale palikuwa na chuo cha kilimo cha Ukambani. Mwanafunzi wa leo anayejifunza pale habari za chakula na afya aweza kudhani kwamba elimu hiyo ni mpya katika nchi hii. Sivyo. Wataalamu wamekuwa wakija na kwenda, wakipima miili yetu na vyakula vyetu, kwa muda wa karibu miaka mia moja. Na kisa chao chafaa kujulikana, kwa sababu kimegharimu maisha ya watu.

Wa kwanza kutajwa ni John Boyd Orr, mkuu wa taasisi ya Rowett huko Aberdeen, katika Uskochi. Yeye na daktari wa serikali ya Kenya, J. L. Gilks, walilinganisha Wakikuyu, waliokula zaidi nafaka na mboga, na Wamaasai, waliokula maziwa, nyama na damu. Taarifa yao ilipigwa chapa London mwaka wa 1931. Orr alipanda cheo: mwaka wa 1945 akawa mkurugenzi wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na mwaka wa 1949 akapewa tuzo ya amani ya Nobel. Walakini taarifa ile iliandikwa kwa Kiingereza, ikasomwa Uingereza. Wale waliopimwa urefu na uzito walirudi makwao wakaendelea kula kama walivyokula.

Nchi ilipokuwa huru, na Chuo Kikuu cha Nairobi kilipokwisha kusimama peke yake mwaka wa 1970, mambo yalianza kuwa mengine. Wataalamu kutoka Amsterdam, wa taasisi ya kifalme ya nchi za joto, walifanya kazi miaka mingi katika sehemu za kaskazini za wilaya ya Machakos, wakifuatia uzazi, magonjwa na ukuaji wa watoto wa Kikamba. Hawa hawakupita njia tu; walirudi nyumba zile zile mara kwa mara. Matokeo yao yalitoka katika kitabu mwaka wa 1984. Msomaji akumbuke kwamba wakati huo Makueni ilikuwa bado sehemu ya Machakos; haikuwa wilaya mbali hadi mwaka wa 1992.

Sasa yanipasa kuiacha Ukambani kidogo nieleze habari ya bata mzinga. Mwaka wa 1960 huko Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000, na hakuna aliyejua wanakufa kwa nini. Baada ya kuchunguza sana ilionekana kwamba chakula chao kilikuwa kimechanganywa na mashudu ya karanga kutoka Brazil, na karanga zile zilikuwa zimeota kuvu. Kuvu hiyo, iitwayo Aspergillus flavus, hutengeneza sumu inayoharibu ini. Wataalamu waliiita aflatoksini. Siku hizi wengi twaiita sumukuvu. Haina harufu wala ladha, na kupika hakuimalizi. Punje yaweza kuonekana nzuri kabisa nayo imo.

Mwaka wa 1981 sumu hiyo ilijidhihirisha Ukambani. Wagonjwa 20 wenye ugonjwa mkali wa ini walilazwa katika hospitali za wilaya ya Machakos, na 12 kati yao wakafa. Mahindi waliyokula yalipopimwa, katika nyumba moja ilipatikana sumu kiasi cha sehemu 12,000 katika kila sehemu bilioni moja ya mahindi. Madaktari waliandika habari hiyo vizuri, ikatoka London mwaka wa 1982 katika gazeti la waganga liitwalo Lancet. Kwa hiyo kuanzia mwaka huo daktari wa Tokyo au wa Toronto aliweza kujua kwamba mahindi ya Machakos yaweza kuua.

Mama yangu hakujua. Mwaka wa 2004 nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi katika Kitui. Mvua ilinyesha mwezi wa Februari, wakati usio wake, mahindi yakiwa yanavunwa. Watu waliyaingiza ndani yakiwa mabichi, wakayaweka chumbani walimolala, maana chakula kilikuwa haba na ghala la nje lilikuwa karamu ya wezi. Namkumbuka mama ameketi mlangoni na ungo, akichagua punje moja moja. Zilizogeuka rangi aliwatupia kuku. Zilizobaki zilikuwa chakula chetu. Alikuwa mwangalifu kuliko wanawake wengi, lakini macho hayawezi kuona sumu hii.

Mwezi wa Aprili na Mei watu walianza kuja hospitalini macho yao yakiwa ya manjano na matumbo yamevimba. Ilipofika mwezi wa Julai walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na 125 walikuwa wamekufa. Wengi wao walikuwa wa Makueni na Kitui. Sisi hatukuugua, kwa bahati tu. Lakini nakumbuka lori la serikali lilipokuja kuchukua mahindi ya watu, na wazee wakibishana nalo. Kumwambia mtu mwenye njaa atoe chakula chake kwa sababu ya kitu kisichoonekana si jambo rahisi.

Hapo ndipo wataalamu walipokuja tena, madaktari wa serikali ya Kenya pamoja na wenzao wa kituo cha kuzuia magonjwa cha Atlanta, Marekani. Walifanya jambo la busara. Waliwatafuta wagonjwa 40, wakawalinganisha na watu 80 wazima, wakauliza kila nyumba swali la kawaida kabisa: mahindi yenu mliyaweka wapi? Jibu lilionyesha kwamba waliougua walikuwa zaidi wale walioweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba. Kisha walikwenda katika masoko 65, wakachukua sampuli 342 za mahindi na unga. Zaidi ya nusu zilikuwa na sumu kupita kiwango kilichoruhusiwa wakati ule, yaani sehemu 20 katika bilioni. Basi hata mtu aliyemaliza mahindi yake mabaya akaenda sokoni, huenda alinunua sumu ile ile kwa fedha zake.

Nimefikiri sana juu ya ile miaka 23 kati ya 1981 na 2004. Sioni kwamba elimu ilikosekana. Ilikuwapo, imepigwa chapa, imewekwa katika maktaba. Kilichokosekana ni mtu wa kuirudisha. Mtaalamu aliyekuja alichukua damu na punje akaenda nazo. Na mwalimu wetu wa sayansi, mtu mwema niliyemheshimu, alitufundisha vitamini kwa mifano ya matofaa na jibini. Neno kuvu sikulisikia darasani hata siku moja.

Baada ya 2004 mabadilishano yalikuwa ya namna nyingine. Kuvu ya mahindi ya Ukambani ilipelekwa Chuo Kikuu cha Arizona, ambako Peter Cotty na wenzake, katika taarifa yao ya 2007, walionyesha kwamba kabila fulani la kuvu lenye sumu nyingi sana ndilo lililotawala katika wilaya zilizopatwa. Safari hii habari haikuishia huko. Mkenya, Dakta Charity Mutegi, aliongoza nchini kazi ya kutafuta dawa, na mwaka wa 2013 alipewa tuzo ya Norman Borlaug kwa kazi hiyo.

Dawa yenyewe inapendeza kuelezwa. Zipo kuvu za aina hiyo hiyo zisizotengeneza sumu, nazo zimo katika udongo wetu wenyewe. Wataalamu walichagua nne za Kenya, wakazipaka juu ya punje za mtama zilizouawa kwa moto ili zisiote. Mkulima humwaga mtama huo shambani, kilo 10 kwa hekta, wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajatoa maua. Kuvu njema huota kwanza na kuinyima nafasi ile mbaya. Iliandikishwa Kenya mwaka wa 2015 kwa jina la Aflasafe KE01, na kiwanda chake kikajengwa Katumani, karibu na Machakos. Bibi yangu angecheka. Mtama ndio uliokuwa chakula cha Wakamba kabla mahindi hayajaushinda shambani, na sasa mtama umerudi kuyalinda mahindi.

Wala si wageni peke yao walio na la kufundisha. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Christopher Mutungi na wenzake walichukua muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, chakula kinachojulikana katika kila nyumba ya Kikamba, wakaipima sumu kabla na baada ya kukoboa. Katika taarifa yao ya 2008 walionyesha kwamba kukoboa huondoa kwa wastani karibu nusu ya sumu, kwa kuwa nyingi imo katika ganda na kiini. Nusu iliyobaki bado ni hatari, na mahindi yaliyooza hayaponyeki kwa kinu. Lakini mara tu niliposoma habari hiyo nilimpigia mama simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama huko chuoni walitwanga wenyewe au walimwita mwanamke anayejua kutwanga.