Mapokeo ni nini? Habari za Misa yetu ya Kongo



Katika parokia nyingi za nchi yetu kuna maneno yanayorudi kila mara watu wanapotoka Misa. Mmoja anasema: «Ngoma hizi, na kucheza huku mbele ya altare, si mambo ya Eklezya. Wazee wetu walisali kwa Kilatini na kwa ukimya, nao walikuwa Wakristu wenye nguvu kuliko sisi.» Mwingine anamjibu: «Kilatini kilikuwa cha wazungu. Kimekwisha, tukiache kiende zake.» Halafu wanaachana, kila mtu na hasira yake. Wote wawili ni watu wa sala. Wote wawili wanataja Mtaguso wa Pili wa Vatikano, huyu kwa kuulaumu, yule kwa kuusifu. Lakini ni wachache waliosoma yale Mtaguso uliyoyasema.

Basi leo tunataka kueleza kwa utaratibu jinsi mambo yalivyotokea, tupate kujua tunagombania nini.

Neno lenyewe

Eklezya inaita «Mapokeo» yale yote tuliyoyapokea kwa Mitume. Tazameni neno hili. Linatoka katika kupokea, na mwenye kupokea anapaswa naye kumpokeza mwingine. Mtu aliyeachiwa mbegu na baba yake hazifungi ndani ya mtungi mpaka zioze. Anazipanda katika shamba lake mwenyewe. Lakini pia hapandi magugu na kusema: «Hizi ndizo mbegu za baba.» Yule wa kwanza anapoteza urithi kwa kuogopa, yule wa pili anaupoteza kwa kujidanganya. Ugomvi wetu wote umo katika mambo haya mawili.

Mambo ya kale

Wengine hufikiri kwamba Misa ilisemwa kwa Kilatini tangu siku ya kwanza. Sivyo. Wakristu wa kwanza wa Roma walisali kwa Kigiriki. Ni katika karne ya 4 ndipo Kilatini kilipochukua nafasi ya Kigiriki katika ibada ya Roma, kwa sababu watu wa kawaida hawakujua Kigiriki tena. Wale waliobadili lugha hawakuacha imani. Walitaka imani isikike.

Tena si kweli kwamba Kilatini ni mali ya Ulaya peke yake. Maandiko ya Kikristu ya Kilatini yaliyo ya kale kuliko yote, katika yale yenye tarehe inayojulikana, ni habari za wafiadini wa Scillium, waliouawa Karthago, Afrika ya Kaskazini, mwaka 180. Tertulliano, Mtakatifu Sipriani na Mtakatifu Augustino, wote wa Afrika, ndio waliokifundisha Kilatini kusema mambo ya Mungu. Na katika Sala kuu ya kale ya Misa ya Roma yanatajwa majina ya Sipriani, Perpetua na Felisita, wafiadini wa Karthago. Basi anayesema Kilatini ni cha wazungu tu, anawanyang'anya Waafrika hao kazi yao.

Mwaka 1570 Papa Pio wa 5 alitoa kitabu kimoja cha Misa kwa Eklezya ya Kilatini. Hata yeye hakufuta kila desturi nyingine. Makanisa yaliyokuwa na desturi yao kwa zaidi ya miaka 200 yaliruhusiwa kuishika. Ndiyo maana mji wa Milano una utaratibu wake mpaka leo. Umoja wa imani haukuwa sawa na kufanana katika kila kitu.

Maneno ya Mtaguso

Mtaguso ulifunguliwa tarehe 11 Oktoba 1962. Tarehe 4 Desemba 1963 Maaskofu walipiga kura juu ya hati ya liturjia, yaani ibada rasmi ya Eklezya: 2147 waliikubali, 4 waliikataa. Hati hiyo inasema nini?

Inasema kwamba lugha ya Kilatini itunzwe katika liturjia ya Roma. Inasema pia kwamba lugha za watu zaweza kupewa nafasi kubwa zaidi. Inaupa wimbo wa Gregori nafasi ya kwanza. Inasema pia kwamba katika nchi za misioni muziki wa watu upewe heshima inayoufaa. Inasema kwamba Eklezya haitaki kulazimisha namna moja tu katika mambo yasiyogusa imani. Inasema pia kwamba asiwepo mtu, hata kama ni padri, wa kuongeza au kupunguza kitu katika ibada kwa shauri lake mwenyewe.

Mnaona, wasomaji? Kila mmoja wa wagomvi wetu ameshika nusu ya hati. Mwenye kupenda Kilatini anasoma mstari wa kwanza na kufunga kitabu. Mwenye kupenda ngoma anasoma mstari wa pili na kufunga kitabu. Lakini Maaskofu waliziandika nusu zote mbili katika hati moja, na kura ilikuwa moja.

Safari ya Kongo

Kabla ya Mtaguso kufunguliwa, mambo yalikuwa yameanza kwetu. Mwaka 1958, huko Kamina katika Katanga, Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, pamoja na waimbaji wake, walitengeneza Missa Luba. Maneno yake ni ya Kilatini, na sauti zake ni za watu wa kwetu. Hakuna aliyelazimika kuchagua kati ya hayo mawili. Yaliimbwa kwa kinywa kimoja.

Mwaka 1961 Maaskofu wa Kongo walisema wazi katika mkutano wao kwamba liturjia iliyoletwa kutoka nje haijapatana vya kutosha na hali ya watu. Baada ya Mtaguso walianza kazi yenyewe. Aliyeongoza sana ni Joseph Malula, Askofu Mkuu wa Kinshasa tangu 1964 na Kardinali tangu 1969. Mwaka 1973 mpango wa Misa ulipelekwa Roma.

Hapo tukumbuke jambo moja. Katika miaka ile ile serikali ya Mobutu ilianza siasa yake ya kurudia asili. Mwaka 1972 majina ya ubatizo ya kigeni yalikatazwa. Mtu angeweza kufikiri kwamba Kardinali Malula, aliyetaka Eklezya yenye sura ya Kiafrika, angefurahi. Kumbe sivyo. Aliingia katika ugomvi mkubwa na serikali, akanyang'anywa nyumba yake, akalazimika kwenda Roma na kukaa huko kwa miezi kadhaa. Alitaka Uafrika ubatizwe; hakutaka ubatizo ufutwe kwa jina la Uafrika. Kwa hiyo anayesema kwamba Misa yetu ni siasa ya Mobutu iliyovikwa kanzu hajui habari hii.

Maaskofu waliendelea kungoja. Roma iliuliza maswali, wao wakajibu. Wataalamu walisahihisha, wao wakasahihisha tena. Mwisho, tarehe 30 Aprili 1988, Roma ilithibitisha kitabu hicho. Jina lenyewe lilikuwa limejadiliwa. Kwetu wengi walitaka iitwe liturjia ya Zaire. Roma ikatoa jina hili: Misale ya Roma kwa majimbo ya Zaire. Wengine waliona uchungu kidogo. Lakini katika jina hilo mambo mawili yamekaa pamoja, Roma na nchi yetu. Tangu 1961 ilikuwa imepita miaka 27. Kardinali Malula alifariki tarehe 14 Juni 1989, akiwa ameuona mwisho wa kazi hiyo.

Miezi miwili baadaye

Sasa tazameni jambo lililotokea mwaka huo huo wa 1988.

Askofu Mkuu Marcel Lefebvre, Mfaransa, hakuwa mgeni wa Afrika. Alikuwa mmisionari Gabon, halafu Askofu huko Dakar mpaka 1962. Naye alikaa katika Mtaguso pamoja na Maaskofu wengine. Lakini baadaye aliona kwamba Mtaguso, na kitabu kipya cha Misa cha Papa Paulo wa 6 cha mwaka 1969, vimeyaacha Mapokeo. Mwaka 1970 alianzisha chama chake cha mapadri, na seminari huko Ecône katika Uswisi. Mwaka 1976 Roma ilimkataza kazi za kipadri; hakutii. Tarehe 5 Mei 1988 alitia sahihi mapatano na Roma, na kesho yake akayaacha. Tarehe 30 Juni 1988 aliweka Maaskofu 4 bila ruhusa ya Papa. Tarehe 2 Julai Papa Yohane Paulo wa 2 akatoa barua yenye huzuni, akitangaza kwamba walioshiriki wamejitenga.

Barua hiyo ilionyesha shina la ugomvi: kuyafikiri Mapokeo kwa nusu tu, na kusahau kwamba ni kitu chenye uhai. Lakini barua hiyo hiyo iliagiza kwamba Wakatoliki wanaoipenda Misa ya zamani waheshimiwe. Papa hakuwacheka. Mwaka 2009 Papa Benedikto wa 16 aliwaondolea Maaskofu hao 4 adhabu ya kutengwa. Tena ruhusa ya kusoma Misa ya zamani ilipanuliwa mwaka 2007, na mwaka 2021 Papa Fransisko aliipunguza. Ndivyo mambo haya yalivyo magumu hata kwa wakubwa wa Eklezya.

Basi, kati ya 30 Aprili na 30 Juni 1988 kuna miezi miwili tu. Pande zote mbili zilisema: «Tunashika Mapokeo.» Tofauti yao haikuwa ngoma na Kilatini. Tofauti ni kwamba upande mmoja uliweka tamaa yake mezani pa Eklezya, ukakubali kupimwa, ukangoja miaka 27. Upande mwingine ulijifanya mpimaji wa Eklezya yenyewe.

Maswali ya wasomaji

Wengine watauliza: «Lakini katika Misa ya Kongo wanataja mababu. Je, si upagani?» Tujibu kwa upole, maana swali hili ni la haki. Mwanzoni mwa Misa tunawaita Bikira Maria na watakatifu, halafu mababu wenye moyo mnyofu. Hatuwaabudu. Wala hatuwataji wote, wema na wabaya pamoja. Tunawataja wale waliomtafuta Mungu kwa moyo safi, kwa kadiri ya mwanga waliopewa. Tena Sala kuu ya kale ya Roma inamtaja Abeli, na Abrahamu, na Melkisedeki. Hao watatu walibatizwa wapi? Walikuwa wenye haki kabla ya kuja kwa Kristu, na sala hiyo inakumbuka sadaka zao.

Wengine watauliza: «Kwa nini toba inawekwa baada ya mahubiri?» Kwa sababu Neno la Mungu ndilo linalotuonyesha kosa letu. Sisi tunajua desturi hii katika jamaa zetu: watu husikiliza kwanza maneno, halafu mkosaji anakiri, maji yananyunyizwa, wanapeana amani, ndipo wanakula pamoja. Ndivyo tunavyofanya: toba, maji, amani, halafu meza ya Bwana.

Tena kuna wajibu kwa wale wanaoipenda Misa hii. Kucheza kwetu ni sala, si maonyesho. Mtu anayecheza ili atazamwe, au anayeongeza mambo yasiyo katika kitabu, ameacha njia ya Maaskofu wetu. Hao walingoja miaka 27 ili wasitende kwa shauri lao wenyewe; yeye hawezi kungoja hata Dominika moja?

Tarehe 1 Desemba 2019 Papa Fransisko alisoma Misa kwa utaratibu wetu katika Basilika ya Mtakatifu Petro, Roma. Tarehe 1 Februari 2023 aliisoma Ndolo, Kinshasa, mbele ya umati mkubwa. Mbegu iliyopandwa katika shamba letu ilionekana na wote kuwa ni ya Mitume.

Basi, ndugu, mzee anayeimba Kyrie kwa machozi asidharauliwe na vijana. Anaimba sala waliyoiimba watakatifu wengi. Na kijana anayepiga ngoma kwa utii asiitwe mpagani na wazee. Anafanya yale ambayo Eklezya imempa. Ugomvi ukianza tena mlangoni mwa kanisa, tuulizane swali moja tu: je, jambo hili nimelipokea kwa Eklezya, au nimejitwalia mwenyewe?