Mali ya Mali

Katika miaka niliyofundisha chuo cha ualimu mkoani Singida, jambo moja lilijirudia kila mwaka. Mwanachuo huzidisha 3x² kwa 4x³, akapata 12x⁵ bila shida. Ukimwuliza kwa nini 3 na 4 zimezidishwa hali vipeo 2 na 3 vimejumlishwa, hujibu: "Ndiyo kanuni, Mwalimu." Kwa mtu atakayesimama mbele ya watoto, jibu hilo halitoshi.

Historia inalo jibu. Karibu mwaka 820, huko Baghdad, al-Khwarizmi aliandika kitabu ambacho jina lake limetupatia neno aljebra. Hakuandika x wala vipeo. Aliandika kwa maneno matupu. Namba isiyojulikana ikizidishwa kwa yenyewe aliiita mal, neno lile lile ambalo sisi tunalitamka mali. Wanahisabati waliomfuata walikiita kipeo cha tatu kaab, cha nne mal mal, na cha tano mal kaab. Tazama, ndugu msomaji: mal ni mbili, kaab ni tatu, na zikiwekwa pamoja ni tano. Kanuni ilikuwa imo ndani ya jina. Katika karne ya 12 as-Samaw'al, kijana wa miaka 19, alivipanga vipeo katika jedwali, na kuzidisha kukawa ni kuhesabu hatua. Mtindo wa kuandika x³ ulienezwa na Mfaransa Descartes mwaka 1637.

Kumbe kipeo ni hesabu tu ya x zilizozidishwa. Mbili zikikutana na tatu, zinakuwa tano. Lakini 3 na 4 ni namba kamili, nazo huzidishwa kama kawaida. Mwenye shaka aweke 2 mahali pa x: 12 mara 32 ni 384, na 12x⁵ nayo ni 384. Aliyezidisha vipeo akaandika 12x⁶ atapata 768.

Jambo hili si dogo. Mtoto wa Iramba au Manyoni husoma vipeo kwa Kiswahili shule ya msingi, kisha kidato cha kwanza huvikuta kwa Kiingereza. Aliyekariri kanuni huachwa mlangoni pamoja na maneno yake. Aliyezihesabu x kwa kidole huingia na hesabu yake, na lugha ngeni huikuta njiani.