Uhafidhina wa T. S. Eliot: Utungo Mmoja, Siasa Nyingine

Mwaka 1928, katika dibaji ya kitabu chake For Lancelot Andrewes, T. S. Eliot alijitambulisha kwa mambo matatu: katika fasihi alikuwa mfuasi wa urasimi, katika siasa aliunga mkono ufalme, na katika dini alikuwa Mwanglikana mwenye mwelekeo wa Kikatoliki. Mwaka mmoja kabla, mzaliwa huyo wa St. Louis, Marekani, alikuwa amechukua uraia wa Uingereza.

Wengi husoma tamko hilo kana kwamba mambo hayo yanafuatana kwa lazima: apendaye kanuni za kale katika utungo hupenda pia watawala wa kale. Kazi zake mwenyewe zinakataa. The Waste Land (1922) lilikuwa shairi la vipande vipande, lenye lugha zilizochanganywa na sauti zinazokatizana. Tena, katika insha yake ya 1919 alidai kwamba mapokeo hayarithiwi bure, bali hupatikana kwa juhudi, na kwamba kazi mpya hubadili mpangilio wa zilizotangulia. Huo si uhafidhina wa kugandisha mambo.

Tatizo lilianza alipoyahamisha mapokeo kutoka maktabani na kuyatwika jamii. Katika mihadhara ya Virginia mwaka 1933, mwaka ambao Hitler alishika madaraka, alitaka jamii ya watu wa asili moja na akasema kuwa Wayahudi wengi wasioshika dini hawatakiwi humo. Mihadhara hiyo ilichapishwa mwaka 1934 kwa jina After Strange Gods, kisha Eliot akakiacha kitabu bila kukichapa upya. Kwa maoni yangu, kukiacha hakufuti yaliyosemwa.

Nayaeleza haya kwa sababu hapa kwetu, tangu mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970, neno “mwanamapokeo” hutamkwa mara nyingi kama shtaka la kisiasa. Mtetezi wa vina na mizani huhesabiwa upande wa wenye nguvu kabla hajasomwa. Basi Abdilatif Abdalla tumweke wapi? Kijarida chake Kenya: Twendapi? cha 1968 kilimtia gerezani miaka mitatu. Humo alitunga kwa siri, juu ya karatasi za chooni, mashairi yenye kushika arudhi za jadi kikamilifu. Yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata diwani hiyo ikapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta, yenye jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi.